Seva ya Shemeji

Shemeji aliiweka seva yake juu ya kabati la vyombo jikoni, kwa sababu hapo ndipo waya wa intaneti ulipofika. Dada alishusha sufuria zake sakafuni. Shemeji ni mpiga chapa, duka lake liko chumba cha mbele, na alidai amechoka kuwapa watu baki barua zake wamtunzie.

"Mwenye nyumba halali kwa jirani," alisema. "Kuanzia leo baruapepe zetu zinakaa chini ya paa langu."

Alitutengenezea anwani, yake, ya dada na yangu. Yangu aliiita Bubu, kwa kuwa sisemi sana. Kisha akaanza majaribio. Yeye alimwandikia dada, dada akaniandikia mimi, mimi nikamwandikia yeye. Kila barua ilifika kabla hujapepesa jicho. Shemeji akaipigapiga ile mashine mgongoni kama ng'ombe wa maziwa.

Wakati huo nilikuwa nimeomba nafasi ya kujifunza kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa na mabweni. Mimi nilikuwa nafua, napika, nakunja karatasi za duka, na kulala nalala jikoni, sasa chini ya kitu kinachonguruma. Walipouliza waniandikie wapi, nikawapa anwani ya Bubu. Sikuwa na nyingine.

Jibu halikuja. Kila nikipita dukani shemeji aliniuliza, "Bubu, vipi? Au wamesikia sauti yako wakakimbia?"

Dada alicheka. "Shemeji yako ni mtani wako, mdogo wangu. Usinune."

Halafu barua ikaja. Nimechaguliwa, nifike Jumatatu na mkasi na godoro langu. Nilibusu simu. Dada mwenyewe alinisaidia kulikunja godoro na kulifunga kamba, akaliweka kichwani pangu, akanitakia heri.

Msimamizi wa kiwanda, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alilitazama kwanza godoro. Kisha akasoma simu yangu.

"Binti, hii hatukuiandika sisi. Magodoro tunayo."

Wasichana waliokuwa wakishona wakasimamisha miguu. Mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Lakini kweli tulikuchagua," mama akaendelea, akinigeuzia kompyuta yake. "Tulikuandikia, barua ikarudi. Tukarudia, ikarudi. Ona, imeandikwa hapa: hiyo mashine yenu inamfukuza kila anayebisha hodi kutoka nje. Nafasi tumeshampa mwingine. Pole, mwanangu."

"Haipokei mtu yeyote wa nje?"

"Hata mmoja. Humo ndani mtaandikiana mpaka mchoke. Mwambie mwenyewe airekebishe."

Nilirudi na godoro kichwani, mtaa ule ule, mbele ya watu wale wale walionipongeza. Shemeji aliniona kwa mbali, akatoka mlangoni.

"Karibu, fundi! Wamelishona godoro?"

Dada alishika kizingiti asianguke kwa kicheko. "Niliiandika mimi," shemeji akasema, akifuta machozi. "Bubu, seva ni yangu, naweza kuwa kiwanda, naweza kuwa hata rais!"

Alipomaliza kucheka akarudi kwenye simu yake. Alikuwa akingoja jibu la chuo kuhusu kazi ya kuwachapia vitabu. Mashine yake ya zamani ya kuchapia alishaiuza ili anunue kubwa ya kazi hiyo, na anwani mpya alishaiandika kwenye kibao cha duka.

"Hawa watu wanachelewa," alisema. "Bubu, hebu chungulia, taa ya seva inawaka?"

Maneno ya yule mama yalikuwa mdomoni mwangu. Nikayameza.

"Inawaka, shemeji."

"Ya kijani?"

"Ya kijani."

"Basi mashine ni nzima. Watajibu tu. Hata hivyo, niandikie moja nione."

Nikatandika godoro langu mahali pake, chini ya seva, nikakaa juu yake, nikamwandikia: Imefika, shemeji?

Kutoka dukani nikamsikia akipiga makofi. Ilikuwa imefika kabla hajapepesa jicho.