Wamekuja Kumchukua Cheptoo

Mzee Johana wa upande wa Merigi, kama hujawahi kumsikia kwa koito, basi wewe hujasikia mtu akiongea. Koito ndiyo ile siku watu wa kijana wanakuja kwa watu wa msichana kuuliza kama wanaweza kumchukua. Wazee wanakaa, mursik, yale maziwa ya kibuyu, inazunguka, maneno inaenda mbali halafu inarudi. Kutoka hapa mpaka Mulot watu wanamtafuta Johana akae upande wa msichana, kwa sababu Johana anajua kukataa. Si kukataa kabisa, hiyo hata mlevi anaweza. Johana anakataa vizuri. Anasema, huyu mtoto wetu bado, hata kukamua hajui, analala mpaka jua inamkuta, nyinyi mmeona nini kwake? Na wageni wanafurahi sana, kwa sababu mtoto mwenye anapeanwa haraka lazima ako na kasoro. Wanaenda, wanarudi. Wakirudi mara ya pili Johana analegea kidogo. Ya tatu, mama ya msichana anaanza kulia jikoni, na hapo kila mtu anajua mambo imekubalika.

Sasa huyo ndiye mzee mwenye waliandika kwa CV ya Cheptoo.

Cheptoo ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake Phyllis mwenye ameolewa Chepilat. Alikuja kwa Johana na mke wake Rebeccah akiwa mdogo wa kubebwa, akakaa, hakuna mtu alimrudisha. Rebeccah akalala, Mungu amweke pema, wakabaki wawili kwa hiyo boma. Msichana akasoma mpaka akamaliza chuo, mambo ya biashara ya mazao, akarudi na ile kofia ya mraba kwa picha. Picha iko kwa ukuta. Kazi ndiyo haikuja. Asubuhi alikuwa anachuma majani chai, mchana anapima majani ya watu pale buying centre, pahali gari ya factory inachukulia, na chairman wa hapo ni Johana. Siku ya soko anaenda kwa Ogola, mwenye cyber, kutuma CV. Anatuma, anangoja, hakuna mtu anajibu.

Siku moja Johana akafuatana naye. Alikuwa anaenda kununua chumvi ya ng'ombe, lakini pia alitaka kuona hiyo karatasi yenye inatumwa kila wakati na hairudi.

Ogola akaifungua kwa kompyuta, akasoma, akajikuna.

"Cheptoo, hii ni CV ama ni historia ya Kenya? Mpaka nursery umeweka."

"Nilidhani wanataka yote."

"Wanataka ile inawahusu. Ukurasa mbili, basi. Na hii email, 'chepsweetie', hii ni ya kuomba kazi ama ya kuomba bwana?"

Johana akacheka mpaka akashika meza.

"Nilifungua nikiwa form two," Cheptoo akasema. "Wachana na mimi, Ogola."

"Tunafungua ingine. Sasa hapa umesema wewe ni mwaminifu, mchapa kazi. Hata mwizi anaandika hivyo. Kwa buying centre ulifanya nini?"

"Nilikuwa nasaidia tu."

"Kusaidia nini?"

Cheptoo akaangalia chini. Alikuwa amelelewa vizuri, na mtu mwenye amelelewa vizuri hajisifu. Mdomo wa kukusifu ni wa mtu mwingine. Ogola akangoja, mwisho ni Johana akasema, "Watu walikuwa wanapigana kwa mizani. Huyu akasema kila mtu asome kilo zake mwenyewe, kwa sauti, kila mtu asikie, ndio iandikwe. Vita ikaisha."

"Ona sasa," Ogola akasema, vidole tayari inaandika. "Hiyo ndiyo CV. Kulikuwa na shida, ukafanya hivi, ikaisha. Na hii kazi ni ya kampuni ya chai Mombasa, kwa hivyo chai inakaa juu. Hiyo kwaya yako itakaa chini."

Wakafika pahali pa mwisho. Ogola akasema hapa wanaweka marefarii.

"Wa mpira?" Johana akauliza.

"Hapana, mzee. Ofisi ikitaka kumchukua wanapigia hao watu simu, wanauliza huyu msichana ni wa aina gani."

"Aa. Wazee wa koito."

Ogola amezaliwa kwa nyumba za estate ya chai, wazazi wake walitoka huko ziwani, na amekula harusi mingi ya Wakipsigis. Akacheka. "Ni hiyo hiyo tu, mzee. Tayari ako na mwalimu wake na pastor. Wa tatu nakuweka wewe. Lakini usiseme wewe ni babu. Wewe ni chairman."

Ni hiyo hiyo tu. Ogola alikuwa anatania, lakini Johana aliibeba hivyo mpaka nyumbani.

Wakaanza kungoja. Jioni, kazi ikiisha, Cheptoo alikuwa anapanda juu ya shamba pahali unaona barabara, anasimama hapo. Lori za chai zinapita zimefunikwa turubai, zinaenda Mombasa, yeye anazifuata na macho mpaka zinapotea kwa kona. Johana alikuwa anamwangalia kutoka kwa boma. Hakuwahi kumwita. Kuna vile mtu anasimama unajua ameshaenda, imebaki tu mwili ifuate. Cheptoo anarudi ndani, anapika chai, wanakunywa wakisikiliza redio, na Johana anaongea mambo ya zamani mrefu mrefu ili msichana asilale mapema.

Simu ikakuja Johana akiwa anaosha mkebe ya maziwa. Cheptoo alikuwa mtoni.

"Naongea na chairman Johana?"

"Ni mimi."

"Naitwa Dorine, napiga kutoka Mombasa, kampuni ya chai. Ni juu ya Cheptoo. Tunafikiria kumchukua."

Kumchukua. Johana akaweka mkebe chini, akavaa kofia yake, ingawa hakuna mtu alikuwa anamwona.

"Mmetoka mbali," akasema na ile sauti yake ya koito. "Karibuni."

"Asante, mzee. Ungesema ni mfanyakazi wa aina gani?"

"Huyo mtoto wetu bado."

"Bado nini?"

"Bado hajakomaa. Kazi hajui. Hata kuamka ni mpaka aitwe mara mingi. Sijui nyinyi mmeona nini kwake."

Huko upande mwingine pakanyamaza, na Johana akaona hiyo ni heshima.

"Mzee, kwa hivyo unasema hafai?"

"Sijasema hafai. Nimesema bado. Sisi hatujachoka na yeye."

"Sawa. Asante kwa kusema ukweli."

"Mtarudi," Johana akasema, lakini simu ilikuwa imekatika.

Akafurahi, wacha nikuambie. Alikuwa ameongea vizuri. Cheptoo alipotoka mtoni akamngoja atue maji.

"Wamekuja," akasema.

"Nani, Kugo?" Hivyo ndivyo alikuwa anamwita babu yake.

"Watu wa Mompasa. Nimewaambia bado hujui kazi, unalala sana. Wataenda wafikirie, halafu watarudi."

Cheptoo akakaa kwa hiyo mkebe. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige.

"Kugo," akasema polepole, "hao hawarudi. Hao wako na CV ya watu wengine hapo kwa meza. Ukisema hapana wanachukua ile inafuata."

"Sijasema hapana. Nimesema bado."

"Kwao ni kitu moja."

Akainuka akaingia jikoni. Siku hiyo hakupanda kuangalia barabara. Akapika, akampatia babu yake chakula na mikono miwili kama kawaida, akauliza kama chumvi imetosha. Redio haikuwashwa. Johana alitafuta hadithi moja ya kuanza, akakosa. Kitu ilikuwa inamsumbua haikuwa Dorine. Ni kwamba kwa koito za watu wengine, akisema bado, ni maneno tu ya mdomo. Hii ya leo ilitoka yenyewe, kama kitu alikuwa anataka kweli.

Asubuhi akachukua kikapu akaingia kwa majani chai, na kabla achume akapigia ile namba. Ikaita sana.

"Dorine, ni chairman. Sasa mimi ndiye nimerudi."

"Mzee? Kuna shida?"

"Jana mimi niliongea koito."

"Uliongea nini?"

Akamweleza. Akamweleza yote, wageni, mursik, mama ya msichana jikoni, mpaka Dorine akaanza kucheka, cheko ya mtu mwenye anajaribu kutocheka ofisini.

"Mimi ni wa Ahero," akasema. "Hata kwetu, siku walikuja kuniposa, wajomba walisema siwezi kupika hata ugali. Lakini mzee, hii ni kazi. Hapa mtu anauliza mara moja. Kuna mwingine tulitaka kumpigia leo. Niambie vile iko."

Johana akatafuta ile sauti ya koito, akaona haitafaa. Akatumia yake.

"Kuna siku gari ya factory iliharibika, mvua ikaanza. Majani ikianza kuchomeka kwa gunia factory inakataa, unajua. Wanaume walisimama wakitukana dereva. Huyu akafungua magunia, akaambia wamama tumwage chini ya mabati, tugeuze. Waligeuza mpaka gari ingine ikakuja, na factory ikachukua yote. Yeye nguo zote maji. Halafu akaja akanipikia."

"Akakupikia wewe?"

Ogola alikuwa amemkataza.

"Mimi ni babu yake. Na ni chairman pia, hiyo si uongo. Uliza mtu yeyote hapa."

"Kwa nini jana hukusema hii ya mvua?"

"Kwa sababu mkimchukua, mmemchukua," Johana akasema. "Lakini anajua kazi. Hiyo ya kulala si kweli. Yeye ndiye ananiamsha."

Dorine akasema ameshukuru, atawapigia wale marefarii wengine, na kama wanasema hivyo atampigia Cheptoo mwenyewe.

Johana akachuma. Alichuma mpaka kikapu ikajaa, na hakuimwaga, akaendelea kuweka juu. Jua ilikuwa imepanda wakati simu ya Cheptoo ililia huko kwa boma. Akamsikia akisema ndiyo madam, ndiyo madam, halafu hakusikia kitu tena. Hakugeuka. Akasikia miguu inakimbia kati ya mistari ya chai, ikifika karibu ikaanza kutembea.

"Kugo."

"Mm."

"Wamenichukua. Wanataka niende wiki ijayo."

Johana akaangalia mikono yake, vidole imekuwa nyeusi na maji ya majani. Aliona amalize huo mstari kwanza, lakini mstari ulikuwa mrefu, na msichana alikuwa amesimama hapo anapumua, anangoja.

"Huko Mompasa," akauliza, "maziwa ya chai yako utakuwa unatoa wapi?"