Sholma Hapiti Mlango wa Mtu

Gibbie Pottinger alipoambiwa na daktari wa macho kwamba asiendeshe gari tena, hakulalamika wala hakubisha. Aliuliza jambo moja tu: "Na farasi je?"

Daktari akadhani ni mzaha, akacheka. Hakumjua Gibbie. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi maisha yake yote chini kabisa ya feri ya kisiwa cha Yell, kaskazini ya mbali, kwenye chumba cha injini, na kazi hiyo aliipenda kwa kuwa kelele zake zilimkatisha tamaa kila aliyetaka kuzungumza naye. Hakuoa. Aliwahi kufuga paka, paka akahama. Sasa amestaafu, nyumba yake iko mwisho wa barabara ya Nornavoe, duka liko mwisho wa pili, na katikati kuna maili tatu za upepo. Basi hupita, lakini tatizo la basi ni kwamba ndani mna watu.

"Nitakuwa nakupeleka mimi dukani," dada yake Lexie alimwambia. "Gari lipo, mafuta yapo."

"Na mdomo upo."

"Mdomo ni bure, kaka. Sikutozi."

"Ungekuwa unatoza, ningejua namna ya kupunguza matumizi."

Basi Gibbie akakitoa ghalani kigari cha babu yao cha magurudumu mawili, akakitia mafuta, akakaza kila kilicholegea, akakipaka rangi ya kijani iliyobaki ya feri. Lexie alipomwuliza ataonaje njia, alijibu kwamba farasi ana macho yake mawili, mazima, na hakuna serikali inayoyadai leseni.

Lexie alimjua kaka yake tangu wakiwa watoto, na alijua kwamba kumkataza ni kumpa nguvu. Akawasha gari, akampeleka kwa Netta Sandison.

Netta alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyezaliwa kati ya farasi na kubaki humo humo. Aliwapokea langoni. Nyuma yake, bondeni, farasi wake walikuwa wamegeuzia upepo makalio, manyoya yamewafunika macho, kila mmoja kimo chake hakifiki kifua cha mtu mzima.

Gibbie aliwatazama kama atazamavyo vyombo bandarini. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa dume changa la rangi ya dhahabu, shingo juu, mkia unaburuza.

"Nataka yule. Anaonekana mpya."

"Mpya ndiyo," Netta akasema. "Hajui lijamu, hajui kigari, hajui hata jina lake. Na wewe hujui farasi. Sasa mtafundishana nini? Si itakuwa kipofu kumwongoza..." Akakumbuka habari za macho ya mgeni wake, akakohoa. "Namaanisha, bwana, anayeanza huchukua farasi aliyemaliza utoto. Uzuri wa mkakasi huo, usikubabaishe. Njoo."

Akampeleka kwa jike jeusi, paji la uso jeupe, tumbo kama pipa. Jina lake Sholma. Gibbie akamzunguka mara mbili mikono nyuma, akainama akachungulia chini ya tumbo.

"Ametembea maili ngapi?"

"Wee, hilo si lori! Mwinue mguu."

Gibbie akainua mguu. Sholma akautoa bila ubishi, kisha, akiona kuna mtu mwenye mgongo ulioinama hapo, akamwegemea kwa uzito wake wote. Gibbie akabaki amebeba nusu ya farasi, uso umemwiva.

"Mbona ananilalia huyu?"

"Amekupenda. Au amechoka. Kwa Sholma ni mamoja." Netta akamwonyesha kwato zilizo safi, meno, macho, akamfanya amkamate mwenyewe uwanjani na kumwachia na kumkamata tena. "Hang'ati, hapigi teke, amevuta kigari tangu ujana wake."

"Barabara ya kwetu anaijua?"

"Anaijua mno."

Dirishani pa nyumba, mume wa Netta, Ollie, ambaye nyonga zake zilikuwa zimemweka kitini tangu mwaka juzi, alishikwa na kitu. Gibbie alidhani ni kikohozi.

"Haya, namchukua huyu," Gibbie akasema.

"Utawachukua wawili."

"Wawili kwa nini? Kigari ni kimoja."

"Farasi hakai peke yake. Akiachwa peke yake huugua moyo."

"Mimi nakaa peke yangu."

"Sikukuuliza habari zako," Netta akasema, na akamletea Mirk, mzee wa kijivu aliyebakiwa na meno ya kuhesabika, ambaye kazi yake pekee duniani ilikuwa kusimama karibu na mwenzake. "Huyu ni zawadi. Na sikiliza vizuri: usiwashibishe. Farasi wa kwetu hapa aliumbwa kwa mawe na upepo. Majani mengi mazuri ni sumu kwake. Akikutazama kwa huruma, tazama pembeni."

Hivyo Gibbie alikwenda kutafuta farasi mmoja akarudi na wawili. Majira yote ya vuli Netta alikuja kumfundisha kufunga matandiko, kushika hatamu, kusafisha kwato na kunyamaza anapokosea. Hilo la kunyamaza Gibbie alilijua tayari, akafuzu upesi.

Siku ya kwanza ya kwenda dukani peke yake, alivaa kofia mpya. Sholma alitoka langoni kwa mwendo mzuri, masikio mbele, magurudumu yakiimba, na Gibbie akahisi furaha ambayo hakuwa nayo tangu injini ya feri ilipobadilishwa. Walifika kwenye nyumba ya Baabie Mouat, mjane aliyeishi na redio yake. Hapo Sholma akasimama.

"Twende," Gibbie akasema.

Sholma akageuza kichwa akautazama mlango wa Baabie.

"Twende, mama. Twende, tafadhali." Akatikisa hatamu. Akashuka, akavuta. Ukitaka kujua nguvu za farasi mdogo, mvute asipotaka. Ni kama kuvuta kanisa.

Mlango ukafunguka. "Sholma! Mwanangu wee! Nikasema nasikia magurudumu!" Baabie akatoka na aproni yake, mkononi biskuti mbili za nafaka ya oti, moja akampa farasi, ya pili akampa Gibbie kabla hajajua la kusema. "Ingia, chai iko tayari."

"Naenda dukani."

"Dukani kupo tu. Huyu hataondoka mpaka uingie, hujaambiwa? Ollie alikuwa anapita naye kuuza mayai. Kila nyumba dakika zake. Ukitoka mapema atakutazama vibaya."

Gibbie alimtazama farasi. Farasi alimtazama Gibbie. Akaingia.

Alipotoka, akijua mambo yote ya magoti ya Baabie, Sholma aliondoka mwenyewe bila kuambiwa, akatembea vizuri hadi nyumba iliyofuata, ya mwalimu wa shule, akasimama. Huko akapewa karoti. Gibbie akapewa keki na maoni kuhusu bei ya umeme. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Jeemsie Spence, na hapo Gibbie alijifunika uso kwa kofia yake mpya.

Jeemsie alikuwa baharia wa sitaha kwenye feri ile ile. Siku moja, zamani, alichukua kipaza sauti akawatangazia abiria kwamba fundi wa injini anatafuta mke, na mwenye kupendezwa ashuke ngazi. Wanawake wawili walishuka. Gibbie alijifungia stoo mpaka feri ikafika, na tangu siku hiyo hakumsemesha Jeemsie neno.

Sasa Sholma alisimama mbele ya lango la Jeemsie kama amepandwa hapo. Pazia likasogea. Jeemsie akatoka na bakuli la uji.

"Gibbie," akasema.

Gibbie akayakazia macho masikio ya farasi.

"Haya, sitasema nawe. Nasema na farasi. Sholma, mwambie huyo aliyeko nyuma yako kwamba anaweza kushuka."

Gibbie hakushuka. Sholma alimaliza uji, akalamba bakuli, akasubiri kidogo kwa heshima ya nyumba, ndipo akaondoka. Walipofika dukani lilikuwa limefungwa.

Jioni alimpigia Netta simu. "Hukuniambia kwamba anasimama kila mlango!"

"Wewe uliuliza kama anaijua barabara," Netta akasema, na nyuma yake Ollie alishikwa tena na kile kikohozi.

Mtu huzoea hata mawimbi. Majira yale ya baridi Gibbie alitoka nyumbani mapema, akasimama kwa Baabie, akasimama kwa mwalimu, akakaa kama sanamu mbele ya lango la Jeemsie, akawahi duka. Kama alianza kukijua kiti chake kwa Baabie, au kumwuliza hali ya magoti bila kulazimishwa, hakumwambia mtu, Lexie hasa.

Kisha Mei ikaja, majani yakachipua mabichi mabichi hadi miambani. Sholma alikula mchana kutwa, na usiku wa huko wakati huo ni mchana pia. Gibbie alimwona akinenepa akafurahi, kwani kwake tangi lililojaa ni jambo jema. Alipotazamwa kwa huruma hakutazama pembeni.

Asubuhi moja alimkuta amesimama kiajabu, miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote ameutupa nyuma. Hakutaka kupiga hata hatua. Mirk alikuwa kando yake, pua yake begani mwa mwenzake. Gibbie alishika kwato za mbele. Zilikuwa za moto, na injini ikipata moto pasipofaa, fundi haulizi mara mbili. Alikimbilia simu.

Daktari wa mifugo, Rhona, msichana mrefu mwenye maneno machache, alipapasa kwato, akapapasa shingo iliyojaa mafuta, akasimama.

"Ugonjwa wa kwato. Sukari imemzidi. Anakula nini?"

"Majani tu."

"Na nini kingine?"

Gibbie akajikuna. "Biskuti. Kidogo. Na karoti. Na... kuna uji."

"Uji?"

"Si wangu."

Rhona hakucheka. Alimchoma sindano, akaamuru Sholma atolewe majanini akae uani penye mchanga laini, ale nyasi kavu zilizolowekwa hadi sukari itoke, asifanye kazi wiki nyingi. "Na hao wa biskuti na uji, waambiwe. Akirudia hali hii, huenda asisimame tena."

Usiku ule Gibbie hakulala vizuri. Alikuwa tayari kuloweka nyasi hadi mikono iote magamba. Lakini kwenda kwenye milango ya watu, bila farasi wa kumsingizia, kupiga hodi kwa hiari yake na kusema! Asubuhi alinyoa ndevu kama mtu aendaye mahakamani, akashika njia kwa miguu.

Baabie alifungua. "Yuko wapi Sholma?"

"Nimekuja kukukataza," Gibbie akasema. Akaona haikukaa vizuri. "Anaumwa. Tumemlisha mpaka anaumwa. Mimi zaidi. Usimpe kitu tena, Baabie. Hata ukimpenda. Hasa ukimpenda."

Baabie alijifuta macho kwa aproni. "Ilikuwa biskuti moja tu."

"Moja?"

"Nne."

Mwalimu alikiri karoti na pia tufaha. Ikabaki nyumba ya Jeemsie. Gibbie alipita langoni mara tatu akienda na kurudi, mpaka Jeemsie akatoka mwenyewe.

"We vipi? Unapima barabara?"

"Jeemsie," Gibbie akasema. Jina lile lilitoka na kutu. "Acha uji."

"Uji upi?"

"Wa farasi. Unamuua."

Jeemsie alikaa chini kwenye ukuta wa mawe. Alikuwa mtu wa utani tangu kuzaliwa, lakini wakati huo hakuupata hata mmoja. "Nilikuwa nautia na sharubati," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka akae kidogo zaidi. Labda na wewe ungeshuka."

Gibbie alitazama bahari. Alitafuta la kusema, akapata hili: "Nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba ndoo za maji."

Jeemsie akaingia ndani kuvaa buti.

Wiki zile, uani kwa Gibbie kulijaa watu kuliko basi. Baabie alikuja kumkuna Sholma shingo kwa kuwa kukuna hakuna sukari. Mwalimu alikuja kusoma magazeti kwa sauti, ati farasi hupenda. Lexie alikuja kuona kama ni kweli. Gibbie, aliyekuwa na kikombe kimoja nyumbani, aliwanywesha chai kwa zamu mpaka Lexie akamletea vikombe sita bila kusema neno, jambo ambalo Gibbie alilihesabu kuwa muujiza wa pili baada ya farasi kuanza kusimama sawasawa.

Mwishoni mwa Agosti, Rhona aliruhusu. Sholma alirudi barabarani, kiuno kinaonekana. Kwa Baabie alisimama. Baabie akamwonyesha mikono mitupu. Sholma akanusa mkono huu, akanusa huu, akanusa aproni, akanusa viatu, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyepewa bili. Kwa mwalimu ikawa hivyo hivyo. Kwa Jeemsie alisimama, na mlango haukufunguka.

"Jeemsie! Toka nje, hataondoka!"

"Sipo!" sauti ikatoka nyuma ya kochi.

"Nakusikia!"

"Nikimwona uso nitampa kitu. Najijua, Gibbie!"

"Tumbukiza mikono mfukoni uje!"

Jeemsie akatoka, mikono mfukoni hadi kwenye viwiko, macho kafumba nusu. Sholma akaitazama ile mifuko. Ilikuwa imetuna. Jeemsie akarudi nyuma hatua moja. Sholma akaja hatua moja.

"Tembea," Gibbie akasema polepole. "Tembea tu. Dukani ni kule."

Jeemsie akatembea, farasi nyuma yake pua imegusa koti, kigari nyuma ya farasi, Gibbie juu yake ameketi wima kama gavana. Majirani waliokuwa wakichoma samaki nje waliacha samaki waungue. Walifika duka likiwa wazi, na hapo Jeemsie akafanya kosa la kutoa mikono ili ajifute jasho. Sholma akauchungulia mfuko, akagundua kwamba ni ngumi tu ndizo zilizoutunisha, akaushika kwa meno akaung'oa mzima mzima.

"Koti langu la kanisani!" Jeemsie akapiga kelele.

Gibbie alicheka hadi akashikilia gurudumu. Kisha wakaingia wote wawili, mmoja na mfuko wake mkononi, wakaomba sindano na uzi. Mwuza duka akauliza uzi wa rangi gani. Jeemsie akasema mweusi, Gibbie akasema kwa macho yake yeye lile koti ni la bluu, na walikuwa bado wanabishana mwuza duka alipoanza kuzima taa.