Damu ya Theresia Isiyopungua

Jumanne, saa mbili asubuhi, Felista alisimamisha kichupa cha damu mezani, akanawa mikono, akasubiri. Damu ikiachwa itulie kichupani hujipanga yenyewe: juu maji ya manjano yanayofanana na mafuta ya alizeti, katikati utando mweupe mwembamba wa chembe zinazopigana na maradhi na zile zinazoziba vidonda, chini kabisa chembe nyekundu, nzito, zinazosambaza hewa mwilini. Felista alikuwa na miaka kumi na moja katika maabara ya kituo hicho cha afya, nusu saa kwa pikipiki kutoka Iguguno, na hakuna kichupa kilichowahi kumdanganya.

Hiki kilikuwa cha Theresia Mughwai, mama wa miaka arobaini na nane anayekamua alizeti na kuuza mafuta kando ya barabara. Alikaa kwenye kiti, mkono wa kushoto ameuegesha mezani.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Kumi na nne, mama."

"Na kabla sijatoa?"

"Kumi na nne."

Alikuwa ametoa mifuko mitatu. Watu wengine hutoa mmoja, kisha huambiwa warudi baada ya miezi kadhaa. Felista alirudia kipimo cha wingi wa damu kwa mashine nyingine, akaipima mifuko kwenye mizani ya watoto. Ilikuwa imejaa sawasawa, na Theresia hakuwa amepungua. Daktari Christopher aliandika kwenye faili, "Hapungui. Aendelee kunywa maji," akaenda kunywa chai.

Mifuko hiyo ilikuwa ya Lucy, aliyejifungua alfajiri na kutokwa na damu bila kukoma. Mfuko wa kwanza haujafika nusu, kutokwa damu kulikoma. Wa pili ulimrudishia joto miguuni. Wa tatu ulipokwisha Lucy alifumbua macho, akauliza kama mashudu ya alizeti yameuzwa. Lucy hakuwa na mashudu. Theresia akamjibu kutoka chumba cha pili kwamba yameuzwa yote, na Lucy akalala kwa amani.

Hali hiyo ya kutopungua ilimwanza Theresia mwaka aliomzika bintiye. Yasinta alijifungulia kituoni hapo, akaanza kutoka damu, na kwa kuwa kituo hakikuwa na jokofu la kuhifadhia damu, Felista mwenyewe aliandika barua ya rufaa kwenda Singida mjini. Yasinta alifia njiani, ndani ya gari la mizigo, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Arobaini ilipopita, Theresia alikuja maabara akanyoosha mkono. Kundi lake lilikuwa O hasi, linalomfaa kila mtu anayeletwa.

"Ya mwanangu ilimwagika ikaisha," alisema. "Hii nadhani ni ya kwake inayokuja kupitia kwangu. Chukua."

Felista alichukua. Katika miaka minne hakuna mama aliyefia kituoni hapo kwa kukosa damu.

Mwezi Juni akaja ofisa kutoka wilayani, bwana Leonard, na orodha ya vituo vitakavyopewa jokofu la damu. Kituo hicho kilikuwa namba mbili. Alisoma madaftari ya Felista yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaomba kumwona Theresia. Alimsalimia kwa heshima, akamzunguka mara moja.

"Hongereni," alisema. "Kumbe mnayo."

"Tunayo nini?" Felista aliuliza.

"Benki ya damu."

"Huyu ni mama Yasinta."

"Ndiyo. Na haitumii umeme." Akakikata kituo kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. Kwenye fomu ya vifaa akaandika: *Benki ya damu, ipo, moja, nzima*. Akabandika karatasi yenye namba kwenye mgongo wa kiti cha Theresia.

Felista aliandika barua kupinga. Akajibiwa kwa lugha nzuri kwamba vituo visivyo na chochote ndivyo vitangulie.

Agosti, Theresia alikwenda Rungwa. Kaka yake alikuwa anavuna asali na hawakuwa wameonana tangu msiba. Felista ndiye aliyemhimiza.

"Nenda, mama. Wewe ni mtu. Watu husafiri."

Siku ya pili baada ya kuondoka kwake aliletwa Hana, mwalimu wa shule ya msingi, mimba ya kwanza. Mtoto alitoka vizuri. Damu ikafuata, ikakataa kusimama. Felista aliandika barua ya rufaa kwa mwandiko uleule, ila safari hii alipanda garini. Alimshika Hana mkono njia nzima, akihesabu mapigo, mpaka pakawa hakuna cha kuhesabu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mji wa Singida ulikuwa unaonekana.

Theresia aliporudi alimkuta Felista maabara, ameketi kwenye kile kiti chenye namba. Daktari Christopher alikuwa anamtoa damu, mfuko wa pili. Kipimo kilisema kumi na tatu. Kabla ya mfuko wa kwanza kilikuwa kumi na tatu.

"Pole, mwanangu," alisema Theresia. Akaweka ndoo ya asali chini.

"Nimepima mara tatu," Felista alisema. "Sina shaka nayo."

"Hata mimi sikuwa na shaka. Kunywa maji."

Septemba, Felista alipeleka wilayani ripoti kamili ya kifo cha Hana, kurasa tisa, vipimo vyote na saa zake, na mwisho ombi la jokofu. Bwana Leonard aliisoma neno kwa neno. Akarekebisha fomu: *Benki ya damu, zipo, mbili*. Wiki iliyofuata gari la wilaya lilileta kitanda cha kutolea damu, kipya, godoro bado lina nailoni. Felista aliivua ile nailoni, akajaribu magurudumu, akakisogeza karibu na dirisha palipo na mwanga mzuri, akapanda, akalala, akakunja mkono wa koti.