Bustani Iliyofuata Harusi

Kamati ya harusi ya Edna ilikutana Jumapili mchana kwenye bustani ya mji, kwa sababu nyumbani kwa mama yake, Walburga, kule Mjimwema, hapakuwa tena na pa kukaa. Wageni wa Maposeni walishajaza vyumba, na wa Madaba walikuwa wameingia asubuhi na madumu yao ya ulanzi, pombe ya mianzi. Ajenda ilikuwa moja: bibi harusi akapigiwe picha bustani gani.

Tangu soko huria liingie, Songea ilikuwa na bustani mbili. Moja ni hiyo waliyokalia, iliyopandwa na wakazi kwa msaragambo, kila nyumba na mche wake. Walburga na marehemu mumewe walipanda mjakaranda, na mpaka siku hiyo Walburga hakuweza kuupita bila kuupapasa. Ya pili ilikuwa ya mfanyabiashara Daimu, yenye taa za rangi na bata wa saruji. Huyo Daimu alikuwa ameshauziwa hata ile ya kwanza, kimyakimya, na mabati ya uzio yalikuwa yamepangwa getini. Bwana wa ardhi wa manispaa aliyepitisha mauzo alisema pale ni kiwanja kitupu.

"Kwa Daimu kuna bomba linarusha maji juu," alisema Zulfa, jirani aliyehamia kutoka Tunduru. "Hapa kuna nini? Kunguru."

"Kuna mti wangu," alisema Walburga. "Nataka mwanangu apigwe picha chini yake kabla hawajaukata."

"Mama Edna jamani, hii ni video ya harusi, siyo ya bwana misitu!"

Wakacheka, wakapiga kura. Mikono yote ilikwenda kwa Daimu, isipokuwa mmoja.

Kosa lao ni kufanyia kikao palepale. Bustani ilisikia kila neno.

Jumamosi msafara ulitoka kanisani, matarumbeta mbele kwenye pikapu, na bustani nyuma. Miti ilikuwa imepandisha mizizi kama wanawake wanavyopandisha vitenge wakivuka mto. Nyasi zilikuja zimejikunja kama mkeka, na mabenchi yakafuata mwisho, yakichechemea. Trafiki alisimamisha lori la mahindi ili wote wapite. Watu walilalamikia vumbi tu.

Getini kwa Daimu mlinzi aliwakaribisha watu, akazuia miti.

"Miti ya nje hairuhusiwi."

"Imekuja na harusi," alisema Walburga.

"Mama, shikamoo, lakini ni kama soda. Ya nje hairuhusiwi."

Walburga aliutazama mjakaranda wake, uliosimama nyuma ya watu kama mgeni asiye na kadi. Akamshika Edna mkono.

"Basi na sisi ni wa nje. Geuzeni magari."

Picha zilipigwa barabarani, mjakaranda ukimwaga maua kwenye shela. Wa kwanza kusogea mbele ya kamera alikuwa Zulfa. "Nipisheni bwana, mimi na mti huu tunajuana zamani."

Jioni bustani ilirudi na harusi Mjimwema. Wageni wa Madaba walisogeza madumu, ikajibana uani, ikatosha.

Jumatatu Daimu alikwenda kwenye eneo alilouziwa, pamoja na bwana wa ardhi. Walikuta udongo na mashimo.

"Si nilisema?" alisema bwana wa ardhi. "Kiwanja kitupu."

Mabati yakasimamishwa siku hiyohiyo, na ndani yake ghala likajengwa. Waliopanda miche hawakuulizwa.

Habari hizo zilimkuta Walburga akifagia maua uani. Zulfa ndiye aliyezileta, mbio, kabla hazijapoa. Walburga alisonya, akaendelea kufagia. Mlangoni zilikuwa zinasubiri kamati mbili za harusi, moja ya Waislamu na moja ya Wakatoliki, zilizokuja kulinganisha bustani ya kwake na ya Daimu. Aliweka ufagio, akakaza kitenge kiunoni, akafungua mlango wote.

"Karibuni," alisema. "Hapa hata miti ya nje inaruhusiwa."