Chipsi za Mumunye

Mafuta yalikuwa bado yanapiga kelele, lakini mzee alishazitoa chipsi kwa papara, na sasa zilikuwa zimelala kwenye sahani kama kamba za viatu zilizolowa. Akainua moja kwa uma. Ikapinda, ikainama, ikachuruza maji.

"Potelea mbali," akanong'ona, asije akasikika sebuleni.

Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa kichwani. Alikaanga viazi mpaka harufu ya mafuta ikagoma kutoka kwenye mashati yake; marehemu mkewe alikuwa akisema hata umeme ukatike, mume wake atamnusa tu. Lakini viazi ni viazi. Mumunye ni maji yaliyovaa ngozi.

"Baba, unapigana na nani huko jikoni?"

"Na mboga."

"Nani anashinda?"

"Tulia wewe. Mpira haujaisha."

"Basi fanya upesi. Mjukuu wako huku anapiga mateke."

Mzee alicheka, kisha akasikia glasi ya maji ikigonga meno ya binti yake. Binti hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana mchana. Sukari ilimpanda pamoja na mimba. Kesho asubuhi alitakiwa kliniki kupimwa, na walishamwambia: ikikutwa juu tena, harudi nyumbani, analazwa. Na wodi yenyewe ni ileile yenye mlango wa kijani. Mama yake aliingia mlango ule kwa miguu yake, akiwatania wauguzi. Alirudishwa amefunikwa.

Siku zile, kabla hajalazwa, mashine ya kupimia sukari ilikuwa mbovu. "Rudini Jumatatu," waliambiwa, kana kwamba sukari nayo ina kalenda. Mkubwa wa hospitali akapita na viatu vinavyong'aa, akasimama kukagua mlango uliopakwa upya. Rangi ilipatikana. Betri ya mashine haikupatikana. Mpaka leo mzee akiona kijani cha namna ile hugeuza uso.

Na binti huyu wamemwambia nini? Asile wanga, ale mboga. Mboga gani, ipikwe vipi, hapo kila mtu ana haraka. Msichana akarudi nyumbani akiiogopa sahani kama nyoka. "Nikila naogopa, nisipokula naogopa," alimwambia baba yake asubuhi, akilia kwa hasira. Kisha, kwa sauti ya utotoni: "Ningepata chipsi zako, Baba. Zile zinazolia kwenye meno."

Mzee akaisukuma sahani ya chipsi zilizolegea mpaka dirishani, akachukua mumunye jingine. Alilikata vipande vyembamba, urefu wa kidole. Akavinyunyizia chumvi na kuviacha vitoe jasho, akavifunga kwenye kitambaa safi, akakamua. Maji yalianguka kwenye beseni, mengi, hata akashangaa. Akakamua tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Akapiga ute wa yai. Karanga alikuwa ameshazikaanga na kuzitwanga, zipo kwenye bakuli, zikisubiri kuwa ganda la vile vipande.

Sebuleni kimya.

"Mama?" akamwita binti yake.

Akainua sauti.

"Mama! Unanisikia?"

"Nipo, Baba. Nilifumba macho tu."

Mama yake naye alisema hivyohivyo. Nilifumba macho tu. Mikono ya mzee ikaanza kukimbia peke yake: ikachovya, ikanyunyiza, ikatumbukiza. Mafuta yakapiga kelele. Safari hii alijilazimisha kusubiri, sikio ameliinamisha juu ya karai, mpaka kelele zikapungua, zikawa mnong'ono, zikanyamaza. Maji yameisha. Akazitoa, zina rangi ya dhahabu, zinagongana kama njiti.

Binti aliletewa sahani pale kwenye kochi. Akachukua moja, akaitazama kwa woga, akauma.

Ikalia.

"Wee!" Macho yakamtoka. Akachukua nyingine, na nyingine, midomo inang'aa. "Baba, mchawi wewe! Hizi si za mumunye. Hizi ni zilezile za kantini!"

Mzee alitabasamu. Kisha neno lile likamzunguka na kumrudia. Zilezile.

Akageuka taratibu kutazama jikoni. Bakuli la karanga lilikuwa limejaa kama alivyoliacha. Kando yake kopo la unga wa ngano, wazi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kucha.

Kiwandani meneja alinunua viazi vilivyochoka, vya bei ya kutupa. "Nyunyiza unga, mzee," alikuwa akisema, akipita na kikombe chake cha chai. "Zikilia, nani atauliza?" Na mzee alinyunyiza, kila siku, mpaka mkono ukazoea kutouliza. Meneja alishastaafu na kujenga ghorofa. Amri yake ilibaki kwenye kiganja hiki.

Angeweza kunyamaza. Kesho kipimo kikipanda, lawama zitakwenda kliniki, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kuzipeleka. Kumbe kunyamaza ni kwepesi namna hii.

"Acha kula, mama."

"Nini tena?"

"Nimetia unga. Wa ngano. Mkono umekwenda wenyewe."

Chipsi ikabaki hewani, kisha ikarudi kwenye sahani. Mkono mwingine ukashika tumbo.

"Mwingi?"

"Sijui. Sikuwa nautazama."

"Baba!"

"Nitukane, mwanangu. Nitukane tu."

"Nikikutukana sukari itashuka?" Alivuta pumzi kwa pua, kisha akanyoosha mkono. "Ninyanyue. Yule nesi mnene alisema nikila nitembee. Nikitembea ndipo nijipime. Ninyanyue, na wewe usilie, utaniangusha."

Wakatoka uani. Jua lilikuwa limeinama juu ya mapaa. Walitembea kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, wakazunguka, wakapita chini ya dirisha la jikoni, wakarudi tena, yeye akihema, mzee akiwa amemkamata kiwiko kwa mkono wenye unga. Dirishani kimashine cha kujipimia sukari, alichopewa binti kliniki, kilikuwa kimelala kwenye mfuko wake, kando ya sahani ya kwanza, isiyo na unga.

Walipopita tena, binti akanyoosha mkono dirishani, akachukua chipsi moja iliyolegea, akaitia mdomoni. Mzunguko uliofuata akachukua nyingine. Mzee akainamisha sikio kama alivyozoea. Hakuna kilicholia, alisikia kutafuna tu, na kandambili zikiburuzika mchangani kuelekea kwenye tangi.