Mfereji wa Eikichi

Fusae alibakiwa na siku tisa za kuhama, na kilichomnyima raha ni kitu kimoja tu: mti wa momiji uliosimama mbele ya veranda.

Barabara mpya ingepita juu ya sebule yake. Sebule na iende, ilikuwa imechoka kama mwenyewe. Lakini mti ule mumewe Eikichi aliupanda mwaka waliooana, na mpaka leo haujafika paani. Majani yake membamba huchipua mekundu, kiangazi yakawa kijani, na Novemba yakawaka tena hadi wapita njia wakasimama. Sasa, Februari, ulikuwa matawi matupu.

Fundi wa bustani, mzee Tatsuzo, aliuzunguka mara mbili.

"Mama, nisikudanganye. Mti wa umri huu hauhamishwi hivi hivi. Mwaka mzima kabla unachimba mfereji kuuzunguka, unakata mizizi minene, unafukia, unasubiri iote midogo karibu na shina. Ukiung'oa leo, Mei hauioni."

"Na kwa binti yangu nimeshauwekea nafasi. Jua la asubuhi tu."

"Ndilo unalolipenda mti huu. Pole, mama."

Fusae akammiminia chai. Alijisikia mjane upya. Akaongea ili asilie.

"Eikichi angekucheka. Mwaka jana, wapimaji wa barabara walipokuja kupiga vigingi, alichimba hapo hapo siku tatu. Mgonjwa, hata ngazi zinamshinda! Nikamgombeza, daktari kasema upumzike, unamchimbia nani kaburi? Akasema anatafuta funza."

Tatsuzo akaweka kikombe chini. "Alichimba mviringo?"

"Mviringo. Aliniharibia ukoka wote."

Fundi akachukua sepetu, akafukua taratibu, kisha akapiga magoti na kupangusa udongo kwa vidole. Mizizi minene ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kingo zimelainishwa kwa kisu. Kwenye kila kidonda ilikuwa imejaa mizizi michanga, myembamba kama nywele.

"Mama, kazi imeshafanywa. Huu unasafiri hata kesho."

Fusae akautazama mfereji aliousimanga hadi wiki ya mazishi. Alilia sasa, waziwazi.

"Funza," alisema. "Mwongo mkubwa wewe."

Tatsuzo alikuwa ameshatoa kamba ya kufungia udongo kwenye mizizi. "Kule kwa binti yako, upande upi uelekee dirishani?"

"Huo huo uliokuwa ukitutazama sisi wawili."