Walioachwa Nje ya Ua

Kigingi cha tatu kilipigiliwa pale pale kilipolala kichwa cha marehemu mama yake. Bibi mfagizi wa kanisa akautupa ufagio, akakishika kwa mikono miwili.

“Bibi, toka hapo,” alisema katibu wa kamati ya jubilei, kijana wa juzi mwenye tai. “Askofu anakuja Jumapili. Magari yataegeshwa wapi, kichwani kwangu?”

“Huko ndiko kwenye uwanja mtupu, mjukuu wangu.”

Vibarua wakaangua kicheko. Katibu hakucheka.

“Makaburi yako ndani ya ua. Hapa ni pori. Soma historia.” Akafunua kijitabu kipya. “‘Miaka sabini na mitano iliyopita, waumini walifyatua matofali ya kanisa hili kwa hiari na furaha.’ Nimeandika mwenyewe.”

“Ulikuwepo?”

Bibi mwenyewe alikuwepo, mgongoni mwa mama yake. Enzi zile mtu mzima hakubatizwa mpaka atimize matofali mia mbili, yaliyochomwa yakaiva, yasiyo na ufa. Shangazi aliyemlea alimsimulia yote: jinsi mama yake alivyoyabeba kutoka tanurini, manne manne, mtoto mgongoni, jinsi homa ilivyomchukua akiwa amefikisha mia moja na themanini. Alizikwa nje, bila msalaba, pamoja na wenzake waliopungukiwa. Watu walibaki nje. Matofali yao yaliingia, yakajenga ukuta wa madhabahu, na kila alfajiri binti wa mmoja wao huyapangusa vumbi.

Kasisi alifika, sauti yake laini kama mafuta.

“Mama, sisi si wanyama. Tutamhamishia ndani, kwa ibada kamili.”

Bibi akamgeukia. “Lini, Baba?”

“Hata leo. Niletee tu cheti chake cha ubatizo.”

Kibarua mwenye nyundo aliinamisha uso.

“Baba, unajua hana. Matofali yake ndiyo unayoyapa mgongo ukihubiri.”

“Najua, mama. Lakini sheria ya makaburi sikuitunga mimi.”

“Na ufagio huo ni wa kamati,” katibu akaongeza. “Wanaoutaka ni wengi.”

Lori la kokoto likaja kinyumenyume, likalaza majani. Dereva akatoa kichwa dirishani.

“Nimwage wapi?”

Katibu alinyoosha kidole. Bibi akaketi chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

“Nimwage?” dereva akauliza tena, safari hii akimtazama Kasisi.

Kasisi akatazama saa yake.